Bomba kubwa, mayai na daftari langu la mafuta

Mie nauza mayai. Alfajiri napakia trei sitini Mtwapa, na kabla ya saa nne nshazigawa Bamburi, Kongowea na kwenye maduka mawili ya Kibokoni, mjini Mombasa. Faida ya yai ni senti, kwa hiyo nina daftari: kilomita upande huu, lita upande ule. Najaza tangi mpaka pomoni, pampu ileile kila mara, halafu nagawanya. Kila tarehe 14 bei mpya ya mafuta ikitangazwa, daftari hilo ndilo huniambia kama mwezi utapita au utanipitia mimi.

Gari ni Probox ya sisi 1500, gia za mkono. Saelensa yake, lile kopo la kupunguza kelele kwenye bomba la moshi, iliniozea, ikakatika nikiwa njiani na mzigo, ikaburura lami kwa kelele ya kutia aibu. Hapa kwetu kila kutu inasingiziwa bahari, na kweli chumvi yetu haina huruma. Lakini nilipoitazama ile iliyokatika, tumbo lake lilikuwa limeliwa kutoka ndani. Lita moja ya petroli ikiungua hutoa maji karibu lita moja, yakiwa mvuke. Safari ndefu hulichemsha bomba, mvuke ukatoka wote. Mie na vituo vyangu vya dakika tano tano, bomba halipati moto, maji yanalala mle mle.

Hapo akaingia mtoto wa kakangu. "Shangazi, usirudishe ya aina ile ile. Weka bomba la inchi mbili na nusu tangu mbele mpaka nyuma, na saelensa ya wazi. Gari litapumua, na mafuta litakula kidogo." Fundi akaafiki. Mafundi wa kuchomelea nao, sijaona hata mmoja aliyekataa bomba refu zaidi au nene zaidi.

Siku ya kwanza nilijiona. Siku ya pili jirani yangu, mzee wa makamo ya babangu, alinisubiri mlangoni akitoka kuswali. "Mwanangu, hilo gari lako siku hizi ndilo linaloadhini?" Nilitafuta pa kuuficha uso.

Ila aibu haiandikwi kwenye daftari. Kilichoandikwa ni hiki: kabla ya hapo nilikuwa napata kilomita 14 kwa lita, pungufu au zaidi kidogo. Baada ya bomba jipya, tangi la kwanza 11.8, la pili 11.5, la tatu 11.7. Mzunguko wangu wa kilomita 56 uliokuwa ukila lita nne sasa ulikuwa unaikaribia ya tano. Na ule mlima wa kupanda ukitoka darajani Mtwapa, ambao nilizoea kuupanda na gia ya tatu nikiwa na mzigo wote, sasa gari likinililia nirudi ya pili.

Nikaanza kuuliza na kusoma. Bomba la zamani nililipima: milimita 42. Jipya ni 63. Ukiangalia namba hizo unaona limeongezeka nusu, lakini tundu lenyewe, pale moshi unapopita, limekuwa zaidi ya mara mbili.

Na moshi hautoki kwenye injini kama maji ya mfereji. Hutoka kwa vishindo, pu, pu, pu, kila silinda kwa zamu yake. Kishindo kikiondoka kwa kasi huacha mvuto nyuma yake, na mvuto huo ndio unaokomba moshi uliobakia ndani ya silinda kabla vali haijafunga. Bomba likiwa na wembamba wake unaofaa, moshi huenda mbio. Ukilipanua kupita kiasi, moshi ule ule mchache wa injini ndogo hupoa na kuzembea njiani, na nguvu za chini, zile za kupandia mlima na trei sitini, hupungua. Mguu nao hauna subira: ukiona gari zito unakanyaga, na mafuta yanakwenda. Anayeendesha injini kwa mizunguko elfu sita kwa dakika ana moshi mwingi wa kutoa, huyo bomba pana litamfaa. Mie nikifika elfu tatu najua kuna yai limeshapasuka.

Halafu kuna hili la "gari lipumue". Ukiwa kwenye foleni ya Daraja la Nyali, kanyagio umeligusa tu, na kile kijilango cha hewa kwenye mdomo wa injini kimeachwa ufa mdogo. Injini inahangaika kuvuta pumzi kwa mbele, wewe unaipanulia nyuma. Ni sawa na mtu aliyeziba pua kwa mafua, ukamlegeza mkanda.

Hata hivyo hesabu ilinikataa. Nguvu kupungua kidogo, sawa, lakini lita karibu nzima kwa siku? Nikalipeleka gari kwa fundi mwengine, mtu mzima, asiyesema sana. Aliliwasha, akakunja tambara nene la jinzi, akalibana nalo tundu la nyuma kwa kiatu chake huku akiniashiria nisikilize mbele. Tss, tss, tss. Akaingia chini na tochi, akaniita. Pale bomba la mbele linapoungana na injini, kwenye flenji, palikuwa na mstari mweusi wa masizi, mwembamba kama wanja. Gasketi ya zamani, ile ya kuziba kiungo, ilikuwa imerudishwa vile vile, imebonyea, na boliti moja haikukazwa sawa.

"Hapa, mama, ndipo pesa zako zinapovujia."

Chini kidogo ya kiungo kile imekaa sensa ya oksijeni. Baina ya kishindo na kishindo, shinikizo ndani ya bomba hushuka hata likawa chini ya lile la hewa ya nje, basi penye ufa hewa huvutwa ndani. Sensa ikiionja ile oksijeni, inapeleka habari kwamba mafuta ni machache. Kompyuta ya gari, ambayo kazi yake ni kushika uwiano wa hewa 14.7 kwa petroli moja kwa uzani, inaamini inachoambiwa na kuongeza petroli. Nilikuwa nachoma mafuta kwa uwongo wa gasketi moja. Ufa ule ule ungekuwa nyuma, baada ya sensa zote, ungenipa kelele tu.

Alibadilisha gasketi na boliti mbili. Bomba kubwa nikaliacha makusudi, nione. Tangi lililofuata 13.3, la pili 13.5. Yaani hasara kubwa yote ilikuwa pale kwenye ule mstari wa wanja. Baadaye nikarudisha bomba la milimita 42 na saelensa ya kawaida, nikapata 13.9, kisha 14.1. Ile nusu kilomita ya mwisho siwezi kuapa kwamba ni ya bomba; wiki zile shule zilikuwa zimefungwa na foleni ilikuwa nyepesi. Mlima wa Mtwapa ndio nitakaouapia: gia ya tatu, mzigo wote, bila kulia.

Jirani yangu naye ameanza tena kuniitikia salamu.

Bomba lile la inchi mbili na nusu liko nyuma ya nyumba, limeegemea ukuta. Mtoto wa kakangu ameliulizia mara mbili. Nimemwambia aje alichukue siku atakayoanza kujaza tangi kwa pesa zake.