Akwariamu yangu ya maji ya bahari: mafuriko mawili na mwani kiganja kimoja

Kila niliyemuuliza kwa nini maji ya akwariamu yangu yanageuka rangi ya chai ya juzi alinijibu kitu kimoja: nunua chujio kubwa zaidi. Nikanunua. Nikanunua tena. Hela iliyopotelea humo ningejenga banda la kuku na chenji ikabaki. Leo hayo machujio mawili yako uvunguni na samaki wananenepa, kwa hiyo mniache nijisifu kidogo.

Niko Mtwara mjini, Ligula. Kutoka kwangu hadi ufukweni unamaliza kashata moja umefika, na hilo ndilo lililonidanganya mwanzoni: bahari iko hapo, kazi iko wapi? Kumbe maji ya kuchota ovyo ni balaa. Siku hizi nachota wakati wa bamvua, maji yakiwa yamejaa kabisa, mbali na bandari, na kamwe si baada ya mvua. Nayaacha yatulie kwenye madumu, na kipimo cha chumvi kikisoma 1.025 naridhika.

Tangi lina urefu wa sentimita 120, upana 50, kimo 60. Ndani wamo wale samaki wawili wa rangi ya chungwa wenye mistari myeupe, konokono, na kangaja mmoja mdogo aliyeingia kwenye dema la jirani yangu mvuvi. Matumbawe hai sina. Hayo hayachukuliwi baharini bila kibali, na sisi wa huku tunaoishi na hifadhi ya bahari ya Ghuba ya Mnazi tangu 2000 hatuna kisingizio cha kutojua. Mawe yangu ni matumbawe yaliyokufa zamani, vifusi vya ukuta wa nyumba ya kale iliyoanguka Mikindani. Mwenyewe alinipa bure, akidhani najenga choo. Nilibandua chokaa kwa patasi jioni nne nzima, nikayaloweka wiki kadhaa.

Mawe hayo yamejaa vitundu, na ndani ya vitundu wanakaa bakteria wanaogeuza uchafu wa samaki kutoka amonia kuwa nitriti, na nitriti kuwa nitrati. Hao bakteria ndio chujio lenyewe. Nililijua hilo baada ya kuwaua. Jumamosi moja nilifungua chujio la kwanza, nikakuta sponji imejaa matope, nikaisugua kwa sabuni ya unga na maji ya bomba mpaka ikang'aa. Nikamwita mke wangu aje aone. Siku ya tatu nikazika samaki wanne nyuma ya jiko. Sponji inakamuliwa tu, tena kwa maji yaliyochotwa kwenye tangi lenyewe.

Sasa, bakteria wakishafika kwenye nitrati wanaishia hapo. Chujio hata likiwa kubwa kama pipa, litazidi tu kuizalisha. Nilipopima nitrati kwa vile vichupa vya matone vilivyokuja na basi la Dar, rangi ilisoma miligramu 80 kwa lita, labda zaidi, maana wekundu ukishakolea mimi sioni tofauti. Nikawa nabadili maji kwa ndoo mpaka mgongo ukagoma.

Ndipo nikaamua kuweka tangi la pili chini, ndani ya kabati. Maji yanashuka kwa bomba kutoka juu, yanapita kwenye sponji na kwenye mashine ya kutoa povu, kisha pampu inayapandisha tena. Kutoboa kioo na kuunga bomba sielezi, fundi vioo yeyote anajua. Yule wangu alimaliza kabla ya adhuhuri, akala wali, akaondoka akisema mambo safi.

Usiku wa manane umeme ukakatika. Nilizinduliwa na mke wangu akiniparamia begani: "Baba watoto, amka, bahari imeingia ndani." Nilishusha mguu kitandani, ukatua kwenye maji. Ukumbini kulikuwa na gunia la korosho ghafi la mama mkwe, alilolileta kwetu kusubiri mnada, limesimama katikati ya dimbwi kama mnara. Tulilivuta wawili, nusu ya chini ikidondosha maji ya chumvi. Asubuhi korosho zote zilikuwa kwenye mikeka uani, mimi nimekaa na fimbo nafukuza kuku, na mama mkwe ananiuliza kwa upole ule unaotisha: "Baba, hizi si bado hazijabanguliwa? Mbona umeshazitia chumvi?"

Nilichukua karatasi nikapiga hesabu ambayo fundi alipaswa kuipiga. Tangi la juu, kila sentimita moja ya maji ni lita 6. Mdomo wa bomba la kurudishia, lile la pampu linalopandisha maji juu, ulikuwa umezama sentimita 12. Pampu ikizimika, bomba linageuka mrija, linanyonya maji kutoka juu kuyarudisha chini mpaka mdomo wake uguse hewa. Hizo ni lita 72. Tangi la chini lilikuwa na nafasi ya lita 20. Zilizobaki ni ndoo mbili na nusu, na ukumbi wangu.

Fundi akaja na dawa: valvu ya kuzuia maji yasirudi. Bei yake sitaki kuikumbuka. Ilifanya kazi kama wiki mbili. Umeme ulipokatika tena nikalala fofofo kama tajiri, nikaamka kwenye dimbwi lile lile. Nilipoifungua nilikuta konokono mdogo, hata punje ya mchele imemzidi, amekaa mlangoni akiushikilia wazi. Nilimtazama, akanitazama.

Dawa ya kweli haikunigharimu hata shilingi. Nilichukua msumari, nikauchoma kwenye jiko la mkaa mpaka ukawa mwekundu, nikatoboa bomba la kurudishia tundu la milimita 6 hivi, sentimita moja tu chini ya usawa wa maji. Basi. Pampu ikizimika, maji yanashuka sentimita moja, tundu linavuta hewa, mrija unakatika. Pampu ikiwa inafanya kazi tundu linatema maji kidogo humo humo ndani, hakuna hasara. Ila mwani mdogo wa kijani unapenda kuliziba, kwa hiyo kila Ijumaa nalichokoa na njiti ya meno.

Siku ya majaribio nilimwalika mama mkwe makusudi. Nikachomoa waya. Maji yakashuka, bomba likakoroma kama mzee aliyekunywa uji wa moto, kimya. Sakafu kavu. Alisimama pale muda mrefu kuliko nilivyotarajia. "Sawa, baba," akasema. "Lakini gunia langu litalala jikoni."

Mashine ya povu niliipata imetumika, kutoka Dar. Inasaga hewa kuwa mapovu madogo sana, uchafu unajishika kwenye mapovu, unapanda hadi kikombe cha juu. Siku za kwanza haikutoa kitu nikadhani nimepigwa. Wiki ya pili ikaanza kutema kimiminika cheusi chenye harufu ambayo nilizuiwa kuielezea mezani. Kikombe kimwagwe nje, mbali na dirisha.

Joto nalo. Kaskazi ikivuma, kipimajoto kilikuwa kinafika nyuzi 31. Feni ndogo ya mezani ikipuliza juu ya maji inashusha hadi 28. Lakini maji yanapungua haraka, na hapo wengi wanakosea, wanajazia maji ya bahari. Kinachopaa ni maji, chumvi inabaki. Jazia maji yasiyo na chumvi. Mimi natumia ya mvua, niliyokinga baada ya bati kuoshwa na mvua za kwanza.

Na nitrati? Ilibaki pale pale. Mkombozi alikuwa mama mmoja mkulima wa mwani, tuliyekutana akisubiri gari na kiroba chake. Nikamwamkia, nikamweleza shida yangu, akanisikiliza mpaka mwisho. "Mwanangu, mwani unakula hicho hicho kinachokusumbua," akasema, akanigawia kiganja kimoja. "Chukua huu wa aina ya spinosamu. Ile aina ya kotonii utalia nayo, joto likizidi inakuwa nyeupe inakatika. Na usiuweke kwenye maji yaliyolala."

Nikauweka tangi la juu, uonekane. Kangaja aliumaliza kwa siku mbili kama mbuzi aliyefunguliwa shambani. Nikarudi kuomba tena, kwa aibu, safari hii nikaufunga kwa vikamba kwenye tangi la chini, maji ya pampu yakiupitia. Nikaweka taa ya LED ya nje ya nyumba, ya bei ya sokoni. Naiwasha usiku, ile ya juu ikishazimwa. Mwani ukipata mwanga unatoa oksijeni, kwa hiyo hata alfajiri samaki hawaji juu kuhema tena.

Mwezi wa kwanza hakuna kitu. Wa pili nitrati ikasoma 40. Wa tatu ikawa 10, nikapima mara tatu nikidhani matone yameharibika. Kila wiki nakata kiganja natoa nje, na kutoa ndiyo kazi yenyewe, kwani ukiuacha uozee humo umerudisha kila kitu.

Yule mama alikuja kuuona. Alipiga magoti mbele ya kabati, akashika tawi moja akaligeuza huku na huku kama anayechagua nyanya. "Unakua vizuri," akasema. Akaniuliza nauza wapi. Nikamwambia natupa. Alicheka mpaka akashika mlango wa kabati. Sasa ninaouvuna naukausha juu ya bati namwekea. Amenionya kwamba hadi mwakani hautafika hata kilo.