Rimu pana kwenye gari iliyoshushwa: hesabu kwanza

Wakuu, kabla hujalipia rimu, chukua kalamu. Mfano Subaru Impreza yenye rimu ya inchi 7 ofseti 50, unataka 8.5 ofseti 35. Ofseti ni umbali, kwa milimita, kutoka katikati ya upana wa rimu hadi uso wake unaofungwa kwenye gari; ikipungua, rimu inasogea nje. Upana umeongezeka inchi 1.5, yaani milimita 38: 19 kila upande. Ofseti imepungua 15. Basi nje rimu inatoka milimita 34, ndani inaingia 4 tu. Shokabsoba haiguswi kirahisi. Atakayelia ni fenda.

Springi zikiwa fupi, tairi ina nafasi ndogo ya kupanda kabla haijakuta ukingo wa fenda. Ikiwa imesimama itaonekana safi kabisa. Pakia watu watatu nyuma, pita kwenye tuta, ndipo utasikia ule mkwaruzo. Angalia bega la tairi: ukiona mstari unaong'aa kama umepigwa msasa, hapo ndipo panapogusa.

Dawa ni kukunja ukingo wa ndani wa fenda, lakini pasha rangi moto kwanza, polepole. Rangi baridi inapasuka, kisha kutu inaanza. Mbele, zungusha usukani hadi mwisho pande zote mbili. Plastiki ya ndani ya fenda huguswa mapema.

Tundu la katikati la rimu ya Impreza, linalokaa kwenye habu, ni milimita 56.1. Rimu ya 73.1 bila ringi za kujazia itatetemesha usukani kwenye mwendo kasi. Kaza nati tena baada ya kilomita 100, halafu alaimenti. Na spesa (vipande vinavyowekwa kati ya habu na rimu ili kuisogeza nje) za bei rahisi, hapana jamani.