Rangi imetoka kijani kabla sijaweka kitu

"Shikamoo Madam. Samahani, wiki ya nne sina cha kupakia. Jaribio limegoma."

Ujumbe ulinikuta saa tatu usiku nikiwa napepeta mchele wa kesho. Aliyeuandika ni mwanafunzi wangu, kijana aliyekuwa TP, yaani mazoezi ya kufundisha, kwenye sekondari moja ya kata mkoani Singida. Nikamjibu: Marahaba. Pakia hilohilo lililogoma. Tiki zikawa za bluu, mwenyewe kimya.

Mimi nafundisha mbinu za kufundishia kemia kwa wanafunzi wa masafa. Wengine naonana nao ana kwa ana mara ya kwanza siku ya mahafali, tena wakiwa wamevaa majoho, siwatambui. Zamani walirudi TP na mafaili: azimio la kazi, maandalio ya somo arobaini, vyote vimebaindiwa kwa kava la plastiki. Tulikuwa tunasahihisha, tunagonga muhuri, tunapanga kwenye maboksi ya rimu. Baada ya hapo wasomaji ni mende.

Sasa tunatumia Mahara. Ni programu huria ya potifolio, yaani mkusanyo wa kazi za mtu anaouweka mtandaoni, iliyoanza New Zealand mwaka 2006, na jina lenyewe ni la Kimaori, maana yake kufikiri. Hapa kwetu jina hilo halina bahati. Kila nikitangaza kwenye grupu kwamba Ijumaa ni mwisho wa Mahara, lazima atokee mmoja: "Madam, mabachela tuongezewe muda, mahari bado tunachanga."

Namna inavyokwenda ni hivi. Kila mwanafunzi ana ghala lake humo ndani: picha, sauti, maandalio, chochote. Ghala hilo silioni. Yeye ndiye anayetengeneza ukurasa, anachagua cha kutoa ghalani, anaandika kwa nini amekitoa, ndipo ananifungulia. Akitaka anaweza kumtumia mtu wa nje kiungo cha siri na kukiwekea siku ya kufungwa.

Hiyo ni kwa maelezo ya kitabuni. Muhula wa kwanza wanafunzi 38 walinimwagia ghala zima. Hakuna aliyechagua kitu. Maandalio yaleyale arobaini, safari hii yamepigwa picha kwa simu, mengine yamelala ubavu. Watatu wakaweka picha ya ubao mmoja, kila mtu akidai ni wa darasa lake. Ningeweza kupitwa, maana mwandiko wa chaki hufanana, lakini mlangoni mwa darasa alikuwa amesimama mbuzi mweupe mwenye sikio moja jeusi. Mbuzi mmoja, mikoa mitatu.

Niliwakasirikia, kisha nikaiangalia fomu yetu ya kusahihisha. Andalio lipo, weka tiki. Picha ipo, weka tiki. Tafakuri ya maneno 200, weka tiki. Sasa kosa la nani? Tuliwaomba vielelezo, wakatuletea vielelezo.

Helen Barrett wa Marekani, mtu aliyeshughulika na mambo haya tangu miaka ya 1990, anasema potifolio ina sura mbili: pa kufanyia kazi na pa kuonyeshea kazi. Mimi namwelewa nikipita kwa maseremala wa mtaani kwetu. Barabarani kuna kitanda kimepakwa vanishi hadi unajiona. Nyuma, kwenye maranda, kuna mguu wa meza uliopasuka kwa sababu mbao haikukauka vizuri. Anayetafuta kitanda atazame barabarani. Mimi nafundisha ufundi, kwa hiyo nahitaji kupita nyuma.

Kijana wa Singida alipakia siku mbili baadaye. Picha ya kwanza: sufuria ya uji ya shule, ndani maua ya haibiskasi yaliyochumwa kwenye uzio wa nyumba ya mwalimu. Shule haikuwa na karatasi za litmasi, akaona atengeneze kiashiria chake, yaani kitu kinachobadili rangi kikikutana na asidi au besi. Picha ya pili: glasi tatu zimepangwa dirishani, zote kijani kama maji ya mlenda. Chini yake ameandika: "Rangi imetoka kijani kabla sijaweka kitu. Wanafunzi wamecheka. Nimesema tutaendelea kesho."

Halafu aya ambayo niliisoma mara tatu. Usiku aliwaza, akakumbuka kwamba akifua kwa maji ya kile kisima sabuni haitoi povu, na chai yake ina ladha ya magadi. Yaani besi ilikuwa ndani ya sufuria tangu mwanzo. Kesho yake akanunua maji ya chupa dukani, akachemsha maua mapya, yakatoka zambarau iliyofifia. Ndimu ikaleta wekundu, maji ya majivu yakaleta kijani. Na zile glasi za jana hakuzimwaga. Akawauliza watoto: maji yetu ya kisima ni nini? Wakamjibu kabla hajamaliza swali.

Kwa fomu yetu, kazi hiyo ilikuwa na upungufu. Andalio halikufuatwa, kipindi cha kwanza hakikukamilika, tafakuri ilizidi maneno. Nikampa alama ninazoona anastahili na kuandika maelezo ya nusu ukurasa kwa mkuu wa idara. Fomu imebadilishwa baadaye, si sana.

Sitaki mdhani yote ni raha. Nafasi yetu kwenye seva ni megabaiti 50 kwa mtu, video moja ya kipindi inaimaliza, na bando ananunua mwanafunzi mwenyewe. Kuna walionitumia sauti tu, nikazipokea. Na nyuso za watoto wa watu: tangu ije Sheria ya Ulinzi wa Taarifa Binafsi ya mwaka 2022 nimekuwa mkali, pigeni picha mikono, ubao, glasi. Sura za nini?

Kubwa linaloniudhi ni kwamba mtu akihitimu, baada ya miezi michache akaunti inafungwa. Mahara ina kitufe cha kutoa kila kitu kikawa faili moja, linalofunguka hata bila intaneti, ila nani aliwaambia? Mwaka huu nimewasimamia mmoja mmoja mpaka kila mtu ana lake kwenye flashi.

Huyu wa kijani alikwenda na flashi yake kwenye usaili wa shule moja ya binafsi. Mkuu wa shule akamsikiliza vizuri, akaipokea, akaigeuzageuza, akamrudishia. "Haya mwalimu, sasa kaprinti."

Akaenda steshenari. Ya rangi ilikuwa ghali, akatoa ya kawaida. Alinitumia picha ya ule ukurasa: glasi tatu za kijivu, na pembeni mshale wa kalamu ya bluu umeandikwa "hizi ni kijani".