Matone ya iodini kabla ya upasuaji wa goita

Ukitaja iodini hapa Mtwara, watu wanafikiria chumvi. Shangazi yangu wa Mikindani aliposikia nimeandikiwa matone ya iodini alifurahi: "Si nilisema? Chumvi ya madini joto hamtaki, ona shingo ilivyovimba." Ningekuwa na goita ya kukosa madini joto, angekuwa amepatia. Yangu ilikuwa tezi ya shingoni (thairoidi) inayofanya kazi kupita kiasi. Moyo ulikwenda mbio hata nikiwa nimekaa, mikono ilitetemeka mpaka chai inamwagika, na nguo zilinipwaya huku nakula kumshinda mume wangu. Tezi ya namna hiyo ukiipa iodini kiholela inaweza kuzidisha homoni, maana iodini ndiyo malighafi yake.

Kwa hiyo nilitangulia na kabimazoli, dawa ya kupunguza homoni ya tezi, kwa miezi, pamoja na propranololi ya kutuliza moyo, mpaka vipimo vya damu vikakaa sawa. Matone yaliachwa mwishoni. Iodini kwa kipimo kikubwa huifanya tezi isite kutoa homoni, na damu inayopita ndani yake hupungua, hivyo mpasuaji hapambani na damu nyingi. Lakini kizuizi hicho hakidumu. Baada ya siku kumi hadi wiki mbili hivi tezi huanza kuzoea, na ugonjwa unaweza kurudi kwa kishindo.

Hapo ndipo palipokuwa na kazi. Upasuaji ulikuwa ufanyike Dar es Salaam, na sisi wa Kusini tunajua tarehe za huko zinavyohama. Daktari alisema nianze siku kumi kabla. Nikamwambia, "Daktari, nitafungua chupa nikishahakikishiwa kitanda." Hakuchukia, alinipa namba ya wodi. Nilipopiga, kweli, tarehe ilikuwa imesogezwa. Mama mkwe alikuwa akinisema kila jioni kwamba nachezea dawa ya gharama, nayo imekaa tu kabatini. Siku hiyo alinyamaza.

Dawa yenyewe ilikuwa maji ya iodini yaitwayo Lugol, matone matano mara tatu kwa siku. Usiige hesabu hiyo. Ipo chupa nyingine ya iodini, ya potasiamu iodidi iliyokolea, ambayo tone lake moja lina karibu miligramu 50 za iodidi, wakati la Lugol lina kama 8. Mfamasia alinisomea lebo taratibu, akanitaka nitumie kifaa cha kudondoshea cha chupa ileile, si cha dawa ya macho tuliyokuwa nayo nyumbani.

Kabimazoli sikuiacha. Niliimeza kwanza, nikasubiri zaidi ya saa nzima, ndipo matone, tena baada ya kula, kwa sababu tumbo tupu linachomwa. Niliyachanganya kwenye glasi ya maji au juisi ya embe na kunywa kwa mrija ili meno yasibadilike rangi. Ladha ni ya chuma, inabaki mdomoni. Siku moja tone lilidondokea ugali wa muhogo, pakawa bluu nyeusi, na mwanangu wa sekondari akapiga kelele kwamba ndiyo majaribio yao ya wanga. Kanga yangu moja nayo ina doa mpaka leo.

Chupa ni ya kioo cheusi na inataka giza, kwa hiyo kwenye basi la Dar niliifunga vizuri, nikaiviringisha kwenye nguo, nikaiweka katikati ya begi, mbali na dirisha.

Niliambiwa nikiona vipele, midomo kuvimba, pumzi kubana, tezi za mate kuuma chini ya taya au damu kwenye choo, nisinywe tone jingine mpaka nimepiga simu. Homa kali pamoja na moyo kwenda kasi ni ya kukimbilia hospitali, hata usiku. Mimi nilipata mate mengi tu na fizi kuwasha kidogo. Mjamzito au mwenye figo mbovu alitaje hilo mapema.

Upasuaji ulikwenda salama. Sasa, kwa kuwa tezi ilikatwa, nameza homoni yake kila alfajiri kabla ya chai. Niliporudi, jirani alikuja kuomba matone yaliyobaki kwa ajili ya shingo ya dada yake, ambaye hajapimwa hata damu. Nilimnyima, nikairudisha chupa kwa mfamasia. Jirani alinuna wiki nzima, lakini dada yake sasa ana tarehe ya kipimo.