Bega linauma, paja linachanwa

Mtoto wa kaka yangu, aliye kwenye mafunzo ya fiziotherapia, alinipigia jana usiku. "Shangazi, mgonjwa kafanyiwa bega, mbona kovu liko pajani?" Nikamkumbuka yule fundi wa dari za jipsamu.

Alikuja mkono haupandi juu ya kifua. Ukimnyanyulia wewe, unafika juu bila kugoma, kwa hiyo kiungo hakikuwa kimekakamaa. Picha ya MRI ilionyesha kano mbili, zile kamba zinazofunga msuli kwenye mfupa, ya juu na ya nyuma, zimeachia mfupa na kurudi ndani. Ya mbele ilikuwa nzima, gegedu, ule utando laini unaofunika mifupa ndani ya kiungo, nalo zuri. Sindano na mazoezi vilishashindwa.

Mimi nilikuwa nesi wa vifaa. Mgonjwa kalazwa nusu kuketi, yuko kwenye nusukaputi, kamera imo ndani ya bega. Daktari akaikamata ncha ya kano ya juu kwa koleo, akavuta. Ikaja kidogo, ikagoma kwenye ukingo wa kikombe cha bega, pale kichwa cha mfupa wa mkono kinapokaa, na mahali pake pa asili bado pako mbali. Akaachanisha makovu juu yake, kisha chini yake, akavuta tena. Nusu sentimita, basi.

"Nikiilazimisha, nitaishona leo na itachanika kabla hajavua kombeo la kuning'inizia mkono," akasema. Msuli wake ulishaanza kugeuka mafuta, na mafuta hayo hayarudi kuwa nyama hata ushone vizuri namna gani.

Tukahamia pajani kuchukua kipande cha kuziba pengo, palipokuwa pamesafishwa mapema kwa ajili hiyo hiyo. Utando mgumu wa upande wa nje ulikatwa na kukunjwa hadi ukafika unene wa milimita 6 hadi 8. Ukiwa mwembamba huchanika. Njia hii ilitangazwa na Mjapani Teruhisa Mihata mwaka 2013. Kipande hupimwa mkono ukiwa umetanuliwa kidogo. Ukipima ukiwa umeshushwa, kitalegea. Hufungwa kwanza juu ya kikombe kwa viskrubu vyenye nyuzi, kisha kwenye kichwa cha mfupa wa mkono, halafu kinashonewa kwenye kano ya nyuma iliyobaki. Hakivuti chochote. Ni dari tu: kinazuia mfupa usipande, ili deltoidi, msuli mkubwa unaofunika bega, ipate pa kuegemea. Fundi mwenyewe alilielewa hilo haraka kuliko wanafunzi.

Njia nyingine zilikuwepo: kulikuwa na kuhamisha msuli mpana wa mgongo, na kulikuwa na bega bandia la kinyume la Mfaransa Paul Grammont, la mwaka 1985, ambalo tufe hukaa upande wa kikombe na kikombe upande wa mkono. Hilo huwafaa zaidi wazee na waliolika gegedu. Yeye alikuwa bado wa makamo, na bandia huchakaa.

Kombeo lenye mto, wiki sita. Miezi ikapita, mkono ukapanda, maumivu ya usiku yakaisha. Lakini kushikilia drili juu ya kichwa, hapana. Akaniuliza kama lile bega bandia lingemrudisha kazini. Nikamwambia nalo halitaki mizigo ya juu. Ni kweli, ila sidhani kama ndicho alichokuwa anauliza.