Kwa Miguu Hadi Ndundulu

Barabara inaishia kijiji cha Udekwa, upande wa Iringa. Kutoka hapo ni miguu tu. Tulipanda na wapagazi mashambani, kisha mahindi yakakoma ghafla na msitu ukaanza, mbichi, baridi, na ukungu usioisha. Ndundulu, milima ya Udzungwa. Nilikuwa nimepatamani kwa miaka.

Huku hata wanyama wasio wadogo wameishi bila sayansi kuwajua hadi juzi juzi. Kwale wa Udzungwa aligunduliwa 1991, watafiti walipoona miguu ya ajabu ndani ya sufuria ya kambini. Sange mwenye uso wa kijivu, mnyama wa pua ndefu na gramu 700 hivi, alinaswa na kamera 2005 na kuelezwa rasmi 2008. Kipunji je? Kima mzima, mwenye sauti ya kusikika mbali, alitangazwa 2005, na Wanyakyusa wa Rungwe, Mbeya, anakoishi pia, walikuwa wakimwita jina hilohilo tangu zamani!

Jioni mzee aliyetuongoza alichota konzi ya majani yaliyooza, akayachekecha juu ya kitambaa cheupe. Mwanzoni niliona uchafu tu. Kisha uchafu ukaanza kutembea: siafu wadogo, tandu, utitiri, na mbawakawa mmoja mdogo kuliko punje ya ulezi, mgongo wake uking'aa kama shaba.

"Huyu anaitwaje, mzee?"

"Wakubwa wote nakutajia, mwanangu. Huyu hana jina hata kwetu."

Mwaka 1982 Terry Erwin, mtaalamu wa wadudu kutoka Marekani, alieleza jinsi alivyofukiza dawa miti 19 ya aina moja huko Panama. Walidondoka mbawakawa wa spishi zaidi ya 1,100, naye akakadiria kwamba wadudu na jamaa zao katika misitu ya tropiki wanafika spishi milioni 30. Wengi waliona amezidisha. Hesabu ya 2011 ilisema viumbe wote, ukiwatoa bakteria na wenzao, ni spishi milioni 8.7 hivi, na zilizokwisha kuelezwa ni kama milioni 1.2. Mimi, baada ya konzi ile moja, naiamini kabisa.

Kinachoniuma ni uchache wa wataalamu wa kuwaeleza viumbe hawa na kuwapa majina. Utafiti wa 2012 ulionyesha kuwa spishi mpya hukaa kwenye rafu za makumbusho wastani wa miaka 21 tangu ikusanywe hadi ipewe jina, na wakati huo shoka halisubiri. Vichupa vyetu vya spiriti, na wadudu wetu ndani yake, vilishuka mlimani na wapagazi, kwenda kuingia kwenye foleni hiyohiyo.