Mukajanga, Mbaga na mjumbe wa Kigiriki

Watu wakitunga mchezo wa sauti kuhusu Mashahidi wa Uganda, Wakristo waliouawa kwa amri ya Kabaka Mwanga wa Buganda, hukimbilia moto wa Namugongo, 3 Juni 1886. Hapo ndipo mchezo unapoharibika: mayowe yakizidi, msikilizaji hajui tena nani anaungua. Hadithi za njozi huvumilia kelele, maana hakuna anayejua zimwi hulia vipi. Hii haivumilii.

Wagiriki wa kale walikuwa na dawa katika tamthilia zao: kwa kawaida kifo na ukatili havionyeshwi jukwaani, mjumbe huja kuvisimulia. Mfalme Oedipus, katika tamthilia ya Sophocles, anajitoboa macho ndani ya nyumba, sisi tunapata habari tu, na nywele zinasimama.

Namugongo ina tanzia yake tayari. Mukajanga, mkuu wa wanyongaji, ndiye aliyemlea Mbaga Tuzinde. Alimsihi aikane imani, kijana akagoma, basi Mukajanga akaamuru apigwe shingoni kwanza asije akaungua hai. Mpe msaidizi wa Mukajanga asimulie hayo kwa sauti ya chini, mdomo karibu na maikrofoni. Moto? Finya karatasi ya nailoni polepole, nusu mita kutoka kwenye maikrofoni; ukiisogeza karibu itasikika kama mvua kwenye mabati. Sauti tatu zinatosha, nzito, ya kati na nyembamba, na kila mhusika aitwe kwa jina mara tu anapoingia.